Mzinga wa Sebuleni

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi na kurudi na sukari, mwaka ule mama alipotundika mzinga sebuleni kwetu. Nasema mzinga, ingawa ulikuwa picha tu ya kalenda, kwa sababu nyumbani kwetu Gisenyi karibu wote tuliuita hivyo. Bibi aliuita mzinga, baba aliuita mzinga, na mimi niliyelala chumba kilichopakana na ukuta ule niliuogopa sawasawa na mzinga. Mama peke yake ndiye aliyeuita kalenda, na hata hilo jina lilikuwa sehemu ya ubishi wake.

Mama alikuwa akiuza vitenge. Asubuhi alivuka mpaka mkubwa ulio karibu na ziwa, ule tunaouita Grande Barrière, akaingia Goma, upande wa Kongo, kununua mali, na alasiri akarudi na mzigo kichwani huku akilalamika juu ya jua, foleni na wanaume wasiojua kupanga mstari. Mwenye duka aliyemuuzia alikuwa Mhindi mzee, mtu wa maneno mengi, na kila mwaka ulipoanza aliwagawia wateja wake kalenda. Miaka iliyotangulia kalenda zake zilikuwa na picha za miungu ya kwao, na mama alizikataa kwa adabu kwa kuwa sisi ni watu wa kanisa. Mwaka ule picha ilikuwa ya ngome ya kale huko India, imejengwa juu ya kilima kikavu, na ndani ya ngome kulikuwa na mzinga ambao mpaka leo sijaona mfano wake. Magurudumu yake ya mbele yalimzidi mtu urefu. Bomba lake lilikuwa refu kuliko sebule yetu, limechongwa tausi na tembo, na mdomoni mwake palikuwa na shada la maua ya rangi ya chungwa na alama nyekundu zilizopakwa kwa vidole. Kwenye kivuli cha bomba hilo walikaa wanawake wawili, mmoja amepakata mtoto.

Mama aliipenda picha ile tangu alipoiona. Hakuwa na sababu kubwa. Alisema tu kwamba mtu aliyetengeneza silaha na bado akapata muda wa kuichonga tausi, huyo angependa kukutana naye.

Jioni hiyo alikuja na raha zake. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana, na bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa ameshateremka kutoka shambani kwake Cyanzarwe kuja kukaa nasi mpaka mtoto azaliwe. Tulimwita Nyogokuru, kama watoto wote wa huku wanavyowaita bibi zao. Alikuwa amekaa chini na ungo wa maharage mapajani, akichambua. Baba alikuwa anavua viatu. Mama alitafuta msumari na nyundo, akaiweka kalenda ukutani huku akisimulia.

"Ule Muhindi anasema hii mzinga ilipigwa mara moja tu. Mara moja! Risasi yake ikaenda kuanguka mbali, ikachimba shimo, shimo ikajaa maji, mpaka leo batu banachota pale. Na ule mutu aliyewasha moto akaruka mu maji, kukimbia makelele."

Baba akacheka. "Uongo ya dukani."

"Ngoja, haijaisha. Anasema siku ile bamama bote benye mimba mu ule muji, mimba zilitoka."

Alilisema lile la mwisho kwa mkupuo uleule wa kicheko, kama alivyosimuliwa. Kisha nadhani alijisikia mwenyewe, maana nyundo ilisimama hewani. Mikono ya Nyogokuru nayo ilikuwa imesimama juu ya maharage.

"Toa," alisema.

"Mama?"

"Toa hii kitu ku ukuta. Kirazira."

Kirazira ni neno la Kinyarwanda, na maana yake ni mwiko. Likishatamkwa na mtu mzima, mazungumzo yamekwisha. Hakuna anayeuliza kwa nini, kwa sababu anayeuliza ndiye anayeonekana hana malezi. Nyogokuru aliweka ungo kando, akanyanyuka kwa taabu, akasogea mpaka pua yake ikakaribia karatasi.

"Iko na damu ku mudomo," alisema polepole. "Munaona? Bamepaka damu. Na mudomo yenyewe inaangalia kiti ya huyu mwenye tumbo."

Hapo ni lazima nieleze, maana bila hili ungedhani tuligombania mapambo. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kwanza wa mama, na wa pekee. Baada yangu alikuwa amebeba mimba mbili nyingine. Ya kwanza alizaliwa mvulana, akaishi siku chache, ngozi na macho vikageuka manjano, akafa. Ya pili alizaliwa msichana, manjano tangu siku ya kwanza, na hakukaa hata kama kaka yake. Mara zote mbili nyumba ilijaa wanawake wa mtaani na wa kanisani, wenye mioyo mizuri kabisa, wenye chakula mikononi. Na mara zote mbili, baada ya kulia na kuomba, mmoja wao aliinamisha kichwa karibu na sikio la mama akamwuliza lile swali letu: ulifanya nini?

Mama alikuwa hajafanya kitu. Hiyo ndiyo iliyokuwa inamtafuna. Mimba zote mbili alizibeba kwa miiko yote, ya upande wa baba na ya upande wake, na bado aliulizwa. Sasa alikuwa amebeba ya tatu, na mtaa mzima ulikuwa unalitazama tumbo lile kama watu wanaotazama sufuria iliyokwisha kufurika mara mbili.

"Mama, mi nakuheshimu," alisema, na nyundo ikapiga msumari. "Lakini ile mara ya kwanza sikusimama mu mulango. Sikuruka kamba ya ng'ombe. Sikukula nasimama. Ile mara ya pili nikaongeza na zile za kwa mama yangu. Nilitii yote, Mama. Yote. Batoto bangu bako wapi?"

Nyogokuru aliketi tena, akauvuta ungo wake.

"Donc, basi, hii tumbo nitaibeba na akili yangu. Kalenda inabaki." Kisha akaweka kidole juu ya wale wanawake wa kivulini. "Na muangalie huyu. Iko na mutoto ku mikono, anakaa chini ya mzinga. Kama inaua batoto, huyu alitoka wapi?"

"Huyo ni wa kwao," Nyogokuru alisema. "Mzinga inajua batu yake."

Baba alivaa viatu vyake tena akatoka nje kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Basi vikaanza vita vya ukuta. Kila jioni Nyogokuru alifunika kalenda kwa kitambaa chake cha kichwa, na kila asubuhi mama alikiondoa, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kitanda cha mkwewe bila neno. Hakuna aliyepandisha sauti. Baba alikuwa karani wa ofisi ya sekta, mtu wa kusuluhisha watu wazima waliogombania mipaka ya mashamba, lakini kesi ya ukuta wake mwenyewe ilimshinda. Siku moja alipendekeza kalenda ihamishiwe chumbani. Wanawake wote wawili walimgeukia kwa pamoja, mmoja kwa sababu huko ndiko tumbo linakolala, mwingine kwa sababu kuhama ni kushindwa. Tangu siku hiyo alikula chakula chake akitazama sahani.

Nisimpake bibi yangu matope. Huyo mwanamke aliyefunika ukuta jioni ndiye aliyeamka kabla ya watu wote kumpikia mama uji wa mtama, ndiye aliyemkanda miguu ilipovimba, ndiye aliyembebea maji wakati mimi wa kutumwa nilikuwapo. Alimpenda mama yangu. Alikuwa anaulinda mlango kwa silaha pekee alizokuwa nazo, na silaha hizo alipewa na waliomtangulia.

Mimi nilikuwa upande wa Nyogokuru. Mchana nilikubaliana na mama, lakini miguu yangu ilikuwa ya bibi. Kutoka chumbani kwangu kwenda jikoni ni lazima nikatize mbele ya ukuta ule, na nilikuwa nimepima kwa macho mahali ambapo risasi ingepita. Basi nilipofika hapo niliinama, nikatambaa kwa magoti mpaka upande wa pili, nikasimama na kuendelea na safari zangu. Nilidhani hakuna anayejua, mpaka siku mama aliponikuta nikiwa chini, kikombe mkononi.

"We unafanya nini?"

"Napita chini. Isinione."

Hakucheka. Alininyanyua kwa kwapa, akanisimamisha mbele ya kalenda, uso wangu mbele kabisa ya ule mdomo mweusi.

"Ingiza kidole."

"Mama, hapana."

"Solange. Ingiza kidole mu mudomo yake."

Niliweka kidole. Karatasi ilikuwa laini na baridi, kama karatasi yoyote. Mama alisubiri.

"Kidole iko?"

"Iko."

"Basi. Utapita hapa umesimama, kama mutu mwenye nyumba yake."

Nikapita nimesimama. Nisidanganye, kwa siku nyingi nilipita nikiwa nimeshika pumzi, lakini sikutambaa tena. Mtu akiniuliza nilifundishwa wapi ukaidi, namwambia nilifundishwa sebuleni.

Kwetu ardhi hutikisika, mlima wa moto ukiwa jirani, na watoto wa Gisenyi hukua wakijua kuweka glasi mbali na ukingo wa meza. Alasiri moja ilitikisika kwa nguvu kidogo. Kalenda ikajipiga ukutani, pa, pa, na kutoka jikoni sauti ya Nyogokuru ikaja imejaa ushindi na hofu pamoja.

"Umesikia? Umesikia vile inapiga?"

"Mama, hata sufuria imepiga," mama alijibu akiwa amekaa kwenye kiti chake kilekile, mikono juu ya tumbo. "Tutoe na sufuria?"

Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Nyogokuru naye, nilimwona kwa mlango wa jikoni, aliziba mdomo kwa kitambaa ili asionekane.

Uchungu ulimshika mama asubuhi, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Jirani mwenye gari alimpeleka hospitali pamoja na baba. Mimi nilibaki na Nyogokuru na shangazi, dada yake baba, aliyekuwa amekuja kusaidia. Siku ile ilipita, na usiku wake, bila habari. Siku ya pili adhuhuri baba alirudi peke yake. Hakuingia ndani. Aliegemea mlango, mahali palepale ambapo tulikuwa tunakatazwa kusimama, akamtazama mama yake.

"Mama," alisema, "ni vile vile."

Alikuwa mvulana. Alizaliwa amevimba, manjano, na hakulia hata mara moja.

Nilimkodolea macho Nyogokuru nikingoja aseme. Alikuwa na haki ya kusema, kwa jinsi nilivyoelewa mambo wakati ule. Alionya, akapuuzwa, ikatokea. Lakini yeye alijikalisha chini polepole akafunika uso. Aliyesema ni shangazi. Aliruka mpaka ukutani, akaivuta kalenda mpaka kamba ikakatika, akaikunja akaisukuma chini ya kabati.

"Tulisema!" alipiga kelele. "Tulisema sisi, lakini huyu mwanamuke anajua kila kitu!"

Walimzika mtoto bila mama kuwapo. Mama alirudi baadaye, akitembea taratibu, kifua kimefungwa kwa kitambaa kwa ajili ya maziwa yasiyo na mnywaji. Nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye viti, kwenye mikeka, mpaka kizingitini, na walipomwona walianza ule wimbo wa chini kwa chini wa kumpokea mfiwa. Shangazi alimsogezea kiti. Mama hakukaa. Alikuwa anautazama ukuta, na ukutani kulikuwa na msumari peke yake.

"Iko wapi?"

"Kaa kwanza, Mama Solange," shangazi alisema. "Pumzika."

"Kalenda yangu iko wapi?"

Wimbo ulikatika. Mwanamke mmoja wa kanisani alisema wamwache, ni huzuni hiyo, na mwingine akaguna. Mama aliwapita wote kwa macho mpaka aliponifikia mimi, niliyekuwa nimejibanza pembeni ya kabati.

"Solange. Leta."

Sijawahi kutazamwa na watu wengi namna ile, kabla wala baada. Shangazi alinitolea macho. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kabati, nikaitoa. Ilikuwa imekunjamana na imeshika vumbi. Nilitembea nayo katikati ya magoti ya wanawake wale nikiwa nimesimama wima, na nakwambia mpaka leo najivunia hatua zile. Mama aliipokea. Kamba ilikuwa imekatika, basi aliichoma karatasi yenyewe kwenye msumari, ikaning'inia upande. Kisha akageuka, mgongo wake ukiwa kwa mzinga na uso wake kwa watu.

"Munisikilize, sitasema mara mbili. Mutoto wangu wa kwanza kufa, haikukuwa mzinga mu hii nyumba. Wa pili kufa, haikukuwa. Ukuta ilikuwa mweupe. Donc hao wawili, nani aliwaua?"

Nje bodaboda ilipita, ikapiga honi, ikaenda.

"Mara mbili mulikuja hapa mukaniuliza nilifanya nini. Na mi nikatafuta. Nalala natafuta, nilikanyaga nini, niliangalia nani, nilipita wapi. Leo sitafuti. Sikufanya kitu. Mutu anayetaka kulia na mimi, akae, tulie. Mutu anayetaka kuniuliza, mulango ni ule."

Shangazi alifungua kinywa. Nyogokuru, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu naye, alimshika mkono akamnyamazisha. Kisha akanyanyuka. Nikajua sasa neno linakuja, kirazira, na kwamba safari hii mama hatakuwa na nguvu za kulizuia. Watu wote walijua hivyo, maana walijisogeza kumpisha bibi kizee apite. Alifika mbele ya mama, mfupi kuliko yeye, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwake.

"Na mimi?"

"Mama?"

"Mi nilikuwa na mwana kabla ya bwana yako. Kule Masisi, upande wa Congo, mi nikiwa kijana. Nilipita kwa matanga ya jirani, na mimba, sikujua kama kuna mufu. Akazaliwa, akakufa. Mama mukwe akasema nilimuletea kifo ku mugongo." Alijigusa kifua. "Miaka yote hii mi najua ni mimi."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona akigeuza uso. Hakuwa amewahi kusikia kwamba alikuwa na kaka.

"Si wewe, Mama," mama alisema.

"Una hakika?"

"Si wewe."

Nyogokuru alilia. Hakulia kilio cha msibani chenye maneno yake yanayojulikana. Alilia ovyo, kamasi zikimtoka, mabega yakiruka, na mama aliyetoka kuzaa na kufiwa akamshika akamketisha kwenye kile kiti kilichokuwa kinatazamwa na mdomo wa mzinga, na yeye akakaa sakafuni, kichwa mapajani mwa mkwewe. Halafu mwanamke mmoja, muuza samaki wa pale ufukweni, akasema bila kuulizwa kwamba mtoto wake alipokufa, yeye alilaumiwa kwa sababu alimcheka mtu mwenye kigugumizi. Mwingine akasema yake. Na mwingine. Nilikuwa mdogo na sikuelewa nusu ya mambo waliyosema, lakini nilielewa kwamba karibu kila mmoja wao alikuwa na mtoto mahali fulani, na kosa lililobandikwa juu yake. Hakuna aliyetoka kwa mlango ule. Shangazi alikwenda jikoni akapika chai, na alipoileta macho yake yalikuwa mekundu.

Sitaki kusema kwamba tulibadilika tukawa watu wengine. Nyogokuru hakuacha kirazira zake. Mwaka uleule alinizuia kupiga mluzi na kupanda juu ya paa, kwa sababu mimi ni msichana. Lakini juu ya tumbo la mtu hakuwahi tena kusema neno, na aliposikia wengine wakisema aliondoka hapo na kiti chake. Mama hakupata mtoto mwingine. Kalenda ilimaliza mwaka wake ukutani, na Desemba ilipokwisha mama aliishusha mwenyewe akafunikia daftari langu la hesabu, tausi kwa nje. Kuhusu ile damu, Mhindi alikuja kumweleza kwamba ni unga mwekundu wanaoupaka siku ya sikukuu, pamoja na maua, kuheshimu chombo. Mama alilileta hilo nyumbani kama umbea wa kawaida, na Nyogokuru akasema tu, "Kumbe."

Miaka imepita. Nina nyumba yangu mwenyewe, upande wa juu wa mji, na mwaka juzi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Kliniki walitukalisha kwenye mabenchi kabla ya kupimwa, na muuguzi akatufundisha mambo ya damu. Alisema wako watu wachache ambao damu yao inakosa kitu fulani ambacho wengi wetu tunacho. Mama akiwa amekikosa, na mtoto akawa nacho, yule mtoto wa kwanza kwa kawaida hupita salama. Lakini wakati wa kumzaa damu zao hugusana, na mwili wa mama hujifunza kuikataa damu ya namna ile. Basi watoto wanaofuata hushambuliwa wakiwa bado tumboni. Huzaliwa manjano. Huzaliwa wamevimba. Siku hizi, alisema, kuna sindano ya kuzuia, ndiyo maana tunawapima wote.

Wenzangu waliendelea kuuliza maswali. Mimi sikusikia tena. Nilikuwa nimekaa pale, tumbo mapajani, mtoto wa kwanza wa mama yangu, yule aliyepita salama.

Nilimpeleka mama kupimwa kwa kisingizio cha presha. Ilikuwa kweli, damu yake ni ya wale wachache. Yangu ni ya wengi. Nilikaa na jambo lile kifuani mpaka likanikosesha usingizi, na mwishowe nikamwendea sokoni, kwenye meza yake ya vitenge, nikamweleza kila kitu, nikiwa nimetazama chini. Nilimweleza kwamba haikuwa miiko wala mzinga. Nikamweleza pia kwamba ugomvi ule mwili wake ulijifunza siku aliponizaa mimi.

Aliniacha nimalize. Mikono yake iliendelea kunyoosha nguo.

"Daktari amesema ni wewe?"

"Hajasema hivyo."

"Ni wewe ndiyo unasema."

Nilishika ncha ya kitenge kimoja mezani, nikaikunja.

"Solange, angalia mi." Nikainua macho. Alikuwa amekasirika, amekasirika kwelikweli, hasira ileile ya siku ya msumari. "Nilikataa banipatie mi hiyo lawama. Unafikiri nilikuwa naiweka akiba, nikupatie wewe?"

Nililia pale sokoni mbele ya wateja wake, mwanamke mzima na tumbo langu. Hakunibembeleza. Aliuliza kama mimi wamenipima, kama niko salama, na nilipomwambia niko salama akasema bon, yaani vema, akamgeukia mteja aliyekuwa anasubiri.

Nimefikiri sana juu ya jibu lile. Nilikuwa nimemletea mama sababu ya kweli, ya kupimwa maabara, na nashukuru kuijua, maana kwa ajili ya sababu hiyo kuna wanawake leo wanapata sindano na watoto wao wanaishi. Lakini mimi nilikuwa nimeibeba kama walivyobeba wale wanawake wa sebuleni, yaani nikitafuta wa kumtwisha, na kwa kuwa sikumpata mwingine nikajitwisha mwenyewe. Mama aliliona hilo haraka kuliko mimi niliyesoma.

Binti yangu sasa anatembea. Alipozaliwa mdogo kuliko kawaida, mama mkwe wangu, mwanamke mwema anayenipikia na kunifulia, aliinama karibu na sikio langu akaniuliza kwa upole kama kuna kitu nilikanyaga. Nilimkaribisha kiti. Nilimpa mtoto ampakate. Kisha nikamwuliza yeye, watoto wake aliowapoteza waliitwa nani.